Mti wa Krismasi Hauelezwi

Desemba iliyopita mtoto wa jirani zangu, watu wa Bukavu ninaokaa nao mtaa mmoja hapa Ohio, alirudi kutoka shule na kazi ya ajabu. Mwalimu wake wa darasa la pili alikuwa amempa kitabu cha picha kuhusu Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, Ijumaa awasomee wenzake, kisha awaambie nyumbani kwao wanaisherehekeaje. Mtoto anazungumza Kiswahili, kitabu kimejaa Kiswahili, mwalimu akaona kampata mwenyewe. Jioni mama mtu akanipigia simu: "Papa, hii Kwanzaa iko kanisa gani?"

Nikaenda. Tukakifungua mezani. Picha nzuri: nyekundu, nyeusi na kijani, bibi kavaa kitenge, mishumaa saba imewashwa. Kila ukurasa una neno letu moja lililolazwa kwa mwandiko tofauti, na maana yake pembeni. Mkeka ni hiki, kinara ni hiki, muhindi ni hiki. Kwenye muhindi mama mtu alicheka mpaka akafuta machozi, maana kwao Muhindi ni mwenye duka la vitambaa, na humu tunaambiwa liwekwe gunzi moja kwa kila mtoto wa nyumba. Mimi niliishia kutabasamu kwenye mkeka. Vijana wa Dar es Salaam ukiwatajia mkeka siku hizi wanadhani unawauliza timu walizobashiria Jumamosi.

Kitabu chenyewe si kibaya. Lakini kimebeba ubishi ambao walimu na wakutubi wa Marekani huurudia kila majira ya baridi yakiingia: lile kapu la vitabu vya sikukuu linalowekwa mbele ya darasa, kimoja cha Krismasi, kimoja cha Hanukkah ya Wayahudi, kimoja cha Kwanzaa, pengine cha Diwali ya Wahindu na cha Ramadhani, linawafaa watoto au linawapotosha?

Wanaolitetea wana historia upande wao. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizizuia shule za umma kuwasomesha watoto Biblia kama ibada, ila ikasema kusoma habari za dini kama elimu hakuna ubaya. Miaka miwili baadaye Nancy Larrick akachapisha uchunguzi wake wa vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotoka kati ya 1962 na 1964: ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, awe kwenye maneno au kwenye picha. Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilipoanza kuhesabu, kikakuta kwamba kati ya vitabu vya watoto kama 2,500 vya mwaka 1985, vya waandishi na wachoraji weusi vilikuwa 18. Mwaka 1990 ndipo Rudine Sims Bishop alipotoa mfano ambao kila mkutubi anaujua kwa moyo: kitabu ni kioo cha mtoto kujiona, na ni dirisha la kumwona mwenzake. Mtoto asiye na kioo hata kimoja anajifunza kwamba hahesabiki.

Hoja hiyo siipuuzi. Ukiwa mtoto wa Kiyahudi au wa Kiislamu katika mji mdogo wa Marekani, Desemba yote ni ya wengine: taa za madukani, nyimbo za kwenye redio, hata karatasi za hesabu zina michoro ya Santa. Kitabu kimoja kapuni, hata kikiwa cha ovyo, kinamwambia kwamba mwalimu anajua yupo. Na yule Mkristo aliye jirani yake anapata kujua kwa nini dirisha la pili lina mishumaa.

Wanaolipinga nao si wakorofi. Wapo wazazi wa imani mbalimbali wasiotaka mtoto wao asomewe sikukuu ya dini nyingine, na wapo Wakristo wanaolalamika kwamba katika kulisawazisha kapu, Krismasi yao imebakiziwa kulungu wa Santa na theluji, Yesu mwenyewe hayumo. Hoja nzito zaidi, kwangu, ilitoka kwa walimu wenyewe. Mwaka 1989 Louise Derman-Sparks na wenzake waliuita mtindo huu mtaala wa kitalii. Unamfikia mwenzio siku ya sherehe, unaonja chakula chake, unapiga picha, unaondoka. Januari hayupo tena.

Utalii huo una kalenda yake, na kalenda ndiyo inayouumbua. Chukua Hanukkah. Kwa Wayahudi wenyewe ni sikukuu ndogo. Watu huenda kazini. Mwaka Mpya wao, Siku ya Upatanisho na Pasaka zina uzito mkubwa kuliko hiyo. Imevimba Marekani kwa sababu imekaa karibu na Krismasi, nayo haikai mahali pamoja: mwaka 2013 ilianza Novemba, mwaka 2024 ilianza jioni ya tarehe 25 Desemba yenyewe. Angalau Hanukkah ni ya majira ya baridi kweli. Msomaji wa Biblia anaikuta katika Yohana 10:22, Sikukuu ya Kutabaruku, na Yohana anataja kabisa kwamba ulikuwa wakati wa baridi. Diwali je? Huangukia Oktoba au Novemba, nayo ikatiwa kapuni kwa sababu ina taa.

Ramadhani ndiyo kichekesho. Idi ya mwaka 2000 iliangukia karibu tarehe 27 Desemba, na miaka miwili iliyofuata ikabaki Desemba, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuitia Ramadhani katika orodha ya sikukuu za baridi. Mwezi wenyewe haukungoja. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, hivyo kufikia 2016 Waislamu wa hapa walikuwa wanafunga Juni, jua halizami mpaka saa tatu usiku, na kitabu kapuni bado kinamwonyesha mtoto wa Kiislamu na koti zito. Waliovitunza wasivitupe. Kwa hesabu, mwezi ukiandama inavyotarajiwa, Ramadhani itaingia tena karibu tarehe 26 Desemba 2030, siku ileile inayoanza Kwanzaa.

(Na sisi tungetaka kuingia kapuni tungetia nini? Baridi yetu ya pwani ni kipupwe, na kipupwe ni Juni mpaka Agosti. Sikukuu ya majira hayo ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Julai, wanaume wakichapana kwa migomba. Sijui mwalimu gani wa Ohio angeweza kuipanga kati ya Hanukkah na mtu wa theluji.)

Lakini kuhamahama kwa tarehe kunarekebishika. Kilichonikera mimi ni kingine, nami nilikiona nilipovipanga vitabu vya kapu lile mezani kwa jirani. Cha Krismasi kilikuwa na dubu aliyepotea usiku wa mkesha. Hakuna mahali kinaposema mti wa Krismasi ni nini, kwa nini unakatwa msituni na kuingizwa sebuleni, nani aliyeanza. Dubu amepotea, tunamtafuta, basi. Vile vingine vyote vilianza kwa kueleza. Hanukkah ni sikukuu ya siku nane. Kwanzaa ni sherehe ya siku saba. Mtoto ndani ya vitabu hivyo hapotei, hagombani, haibi andazi jikoni. Kazi yake ni kusimama karibu na kinara na kutufafanulia. Yule wa Krismasi anaishi. Hawa wengine wanatoa mada.

Kipimo changu tangu siku hiyo ni hicho: kitabu kinaeleza au kinasimulia? Tena wanaosimulia wapo. Kuna kitabu cha Eric Kimmel cha mwaka 1989 kilichochorwa na Trina Schart Hyman, ambapo msafiri aitwaye Hershel anafika kijiji ambacho vibwengo wameliteka sinagogi, hawataki Hanukkah iwashwe. Inambidi alale humo usiku nane. Kibwengo wa kwanza, Hershel anamtisha kwa kuponda yai la kuchemsha mkononi, akimwaminisha kwamba ni jiwe. Wa pili anaingiza mkono kwenye chupa ya achari, anafumbata, hawezi kuutoa, kwa sababu hataki kuachia alichoshika. Mtoto aliyekulia kwenye Abunuwasi anamtambua Hershel papo hapo. Dini imo, mishumaa imo, na hakuna aliyesimamishwa kuhutubia. Kwa upande wa Kwanzaa yupo Angela Shelf Medearis, ambaye mwaka 2000 aliandika hadithi ya ndugu saba wa Ghana wasioelewana, waliorithishwa nyuzi na masharti magumu ya baba yao, mpaka ikawabidi wakae pamoja wafume kitambaa. Ugomvi wa ndugu juu ya urithi hauhitaji faharasa.

Mtetezi wa kapu atanijibu kwamba Krismasi haielezwi kwa sababu kila mtu anaijua, na kwamba asiyejua Kwanzaa akipewa hadithi tupu ataachwa gizani. Jibu hilo lina nguvu. Mimi mwenyewe niliyezaliwa Tanga nilijua kupitia kitabu cha aina hiyohiyo kwamba kinara cha Hanukkah kina matawi tisa, manane ya siku na moja la mshumaa unaowashia mingine. Na Kwanzaa ina haki zaidi ya kujieleza kuliko sikukuu nyingine yoyote, kwa sababu umri wake hauzidi wa wazazi wetu. Maulana Karenga aliianzisha Los Angeles mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya machafuko ya Watts, mtaa wa watu weusi wa mji huo, akaiita kwa maneno yetu ya matunda ya kwanza, a moja ikaongezwa mwishoni. Alichagua Kiswahili kwa sababu si lugha ya kabila moja, ingawa wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walichukuliwa upande wa magharibi wa bara, mbali na pwani yetu.

Hapo ndipo sisi tunapojikuta kioo na dirisha kwa pamoja. Maneno ni yetu, nyumba si yetu. Kati ya nguzo za Kwanzaa zimo ujamaa na ujima. Ujamaa tunaujua kwa Nyerere, aliyeuandikia mwaka 1962, na aliyesoma historia Tanzania akisikia ujima anakumbuka kipindi cha watu kuishi kwa kuwinda na kuokota, kabla ya ukabaila. Kinara, nje ya Biblia na "kinara cha taa" chake, ni anayeongoza ligi au mkubwa wa chama. Sisemi haya kuwasahihisha Wamarekani weusi. Maneno waliyachukua wakayapa maisha yao, kama sisi tulivyochukua meza na shule. Nasema tu kwamba mtoto kujua neno hakumfanyi kuwa wa sikukuu, na kitabu chenye kueleza ndicho kinachomdanganya mwalimu aone hivyo.

Mama mtu hakutaka kumwandikia mwalimu barua ya kulalamika. Alisema mwanawe atasoma, ataheshimu, kisha ataeleza ukweli. Ijumaa mtoto akasoma. Kujichagulia, nguzo nyingine ya Kwanzaa, aliitamka vizuri kuliko kitabu kilivyoelekeza, darasa zima likarudia baada yake. Mwalimu akamuuliza sasa kwao ikoje. Akajibu kwamba kwao hakuna Kwanzaa, kwao kuna Krismasi: wanakesha kanisani, wanaimba mpaka alfajiri, asubuhi kuna nguo mpya na kuku, na babu anapiga simu kutoka Bukavu ambako hakuna theluji hata kidogo.

Mwalimu alipenda. Akainama kapuni kutafuta kitabu chenye Krismasi ya namna hiyo, akapekua mara mbili. Watoto wa vitabuni wote walikuwa na makoti. Mtoto akarudi kwenye kiti chake, na zamu ikawa ya mwenzake wa Hanukkah.