Aliye kwenye mitambo naye ni mpigaji

Nimesoma programu ya onyesho la kikundi kimoja cha muziki wa majaribio na nimeudhika. Mpiga filimbi katajwa, mpiga chelo katajwa, kondakta kawekewa picha na wasifu. Halafu chini kabisa: "pamoja na vyombo vya elektroniki". Vilivyopigwa na nani? Hakuna jina.

Mjadala wa kama mtu wa mitambo ya sauti ni mpigaji au fundi tu ulipaswa kwisha mwaka 1964, mtunzi Mjerumani Karlheinz Stockhausen alipotoa Mikrophonie I, kazi ya watu sita na upatu mmoja mkubwa. Wawili wanaupiga, wanausugua, wanaukwaruza. Wawili wameshika maikrofoni, wanazisogeza na kuzirudisha nyuma kama walivyoandikiwa. Wawili wa mwisho mikono yao iko kwenye vichujio, yaani mitambo inayopitisha sehemu fulani za sauti na kuzuia nyingine, na kwenye vidhibiti vya ukubwa wa sauti. Sasa niambie, nani hapo si mpigaji? Maikrofoni ikichelewa kidogo tu, mkwaruzo mwembamba uliokwisha kutolewa hakuna atakayeusikia. Wote sita wanasoma muziki ulioandikwa, wote wanahesabu, wote wanaweza kukosea mbele za watu.

Niliwahi kukaa nyuma ya mtu wa mitambo katika onyesho la namna hii. Kidole chake kilipanda na kushuka na pumzi ya mpiga klarineti, macho hayakumbanduka. Mimi yule namwita mwanamuziki, na hapo sibishani na mtu.

Au tazama Répons, kazi ya mtunzi Mfaransa Pierre Boulez, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1981. Okestra ndogo iko katikati, wapigaji sita wamewazunguka wasikilizaji, na kompyuta iliyoitwa 4X inazinasa sauti za hao sita papo hapo, inazigeuza na kuzitawanya kwenye spika za ukumbi. Mashine ile ilishapitwa na wakati zamani. Kazi bado inapigwa kwa sababu wako watu walioketi wakaihamishia kwenye mitambo mipya. Andrew Gerzso, aliyeshika upande wa kompyuta pamoja na Boulez, anajulikana kwa jina lake, na ndivyo inavyotakiwa.

Haya, wapo wanaobonyeza kitufe kimoja kisha wanakodolea kioo cha kompyuta mpaka mwisho. Hao siwatetei. Ila hata kanda iliyokwisha rekodiwa inataka sikio: ukumbi uliojaa watu haulii kama ulivyolia mchana ukiwa mtupu, na lazima awepo wa kuamua sauti ipande au ishuke kiasi gani.

Ndiyo maana inaniuma zaidi mtu huyu anapofungiwa kwenye chumba cha vioo nyuma kabisa, asikoweza kusikia tunachosikia sisi. Mpeni kiti katikati ya ukumbi. Mwiteni mazoezini tangu siku ya kwanza, maana kumwita jioni ya onyesho ni kuuharibu muziki wenyewe. Mlipeni kama mnavyomlipa mpiga chelo, mchape jina lake, na wenzake wakisimama kupigiwa makofi, naye apande jukwaani.