Ukienda fildi kwa wathamini, shika faili moja mpaka lisainiwe

Likizo ndefu ikikaribia huwa naulizwa sana na wadogo zangu wanaosoma mambo ya ardhi na majengo, eti kampuni gani nzuri ya wathamini (wale wanaokagua jengo na kukadiria thamani yake) ya kwenda kufanya intanshipu, kubwa au ndogo, na mi jibu langu siku hizi ni moja tu: nenda popote watakapokubali ushike kazi moja tangu simu ya mteja inapoingia mpaka ripoti inaposainiwa. Jina la kampuni na uzuri wa ofisi yao viangalie baadaye.

Nasema hivi kwa sababu mtindo uliozoeleka, hasa kwenye makampuni makubwa, ni wa kuzungushwa. Wiki hii uko uthamini, wiki ijayo usimamizi wa majengo, inayofuata upangishaji, halafu ukaguzi, ukimaliza unapewa barua inayosema umepita kila idara. Wakubwa wanataka uone kila kitu, na nia yao ni njema kabisa, hilo sibishi. Ila siku unayoanza kuelewa kwa nini bosi alipiga picha tatu za ule ufa juu ya dirisha ndo siku unayohamishwa meza, na ripoti yenye huo ufa inaenda kwa mteja we hujaiona.

Chukua tu hili la kupima. Watu wanadhani tangu mita ya leza ya mkononi iingie sokoni mwaka 1993 kupima ni kubonyeza kitufe. Sawa, unabonyeza, lakini kutoka wapi mpaka wapi? Unapima ndani ukuta kwa ukuta au unahesabu na unene wa ukuta wa nje? Ngazi, vyoo, korido ya wote, chumba cha mitambo, vimo au havimo? Ghorofa ya mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300 ukiichukua yote, ila ukitoa ngazi na lifti na vyoo unaweza kubaki na 240 ambazo mpangaji anazitumia kweli, na kama kodi inatozwa kwa mita basi hizo 60 ni hela ya mtu, kila mwaka, mpaka mkataba uishe. Jengo lilelile lilikuwa linatoka na ukubwa tofauti kutegemea limepimwa nchi gani na kwa utaratibu upi, mpaka vyama vya taaluma vya nchi mbalimbali vikakaa vikaandaa kipimo cha kimataifa, na kile cha majengo ya ofisi kikatoka mwaka 2014. Sasa intani aliyeshika tu upande wa pili wa tepu ameona nini hapo? Lakini yule anayekalishwa mezani kesho yake akaambiwa haya, hii 240 ieleze, umeipataje, umetoa nini, kwa nini umeitoa, huyo amejifunza kupima na hatakuja kusahau.

Kwenye ukaguzi wa majengo ndo kabisaaa. Ufa, kwa mfano. Waingereza wana jedwali lao la nyufa ambalo wakaguzi wanalitumia sana, ufa usiofika milimita 5 kwa kawaida unahesabiwa ni wa muonekano tu, kuanzia 5 mpaka 15 tegemea milango na madirisha kuanza kukwama, ukipita 25 hapo unazungumzia jengo linaloweza kukosa uimara. Jedwali utalikariri jioni moja. Kitu ambacho hukariri ni yale mkaguzi mzoefu anayoyafanya akishaona ufa: anaangalia kama umepanda ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, juu ni mpana kuliko chini au kinyume chake, kingo zake ni kali na safi (ufa mpya huo) au ndani kuna vumbi na rangi ya zamani, afu anatoka nje anatafuta mti mkubwa uko umbali gani na udongo ni wa aina gani, maana mfinyanzi ukikauka unanywea na msingi unashuka upande mmoja. Yote hayo anayafanya kimya kimya. Usipokuwepo baadaye wakati anayaandika hutajua hata alikuwa anatafuta nini.

Na unyevu vilevile. Kile kimashine cha kuchomeka ukutani kinapima umeme unavyopita, kilitengenezwa kwa ajili ya mbao, kwa hiyo kwenye plasta yenye chumvi kinaweza kusoma juu sana wakati ukuta ni mkavu. Kijana akiona namba kubwa anaandika "ukuta una maji". Mzee anaiona namba hiyohiyo anatoka nje kuangalia kama mfereji wa paa umeziba, kama bomba linavuja, kama udongo wa bustani umerundikwa mpaka juu ya usawa wa sakafu. Hapo mteja ameokoa gharama ya kubomoa plasta nzima bila sababu.

Halafu kuna thamani yenyewe, na hapa ndipo naumia zaidi nikiona vijana wanaondoka bila kuonja. Darasani tunafundishwa njia tano, ya kulinganisha mauzo, ya mapato, ya gharama, ya faida ya biashara, na ile ya mabaki kwa viwanja vinavyosubiri kuendelezwa. Hesabu zake si ngumu. Jengo linaloingiza kodi halisi ya 24,000 kwa mwaka, ukisema mwekezaji anataka hela yake imrudishie asilimia 8 kwa mwaka thamani yake ni 300,000, ukisema asilimia 6 inakuwa 400,000. Jengo halijabadilika, mpangaji ni yuleyule, tofauti ni laki nzima! Nani anasema ni 6 au 8? Ni wale watu wawili waliokaa na mauzo ya majengo yanayofanana mezani, mmoja anasema huyu mpangaji mkataba wake unakaribia kuisha, mwingine anasema ndio lakini mtaa unapanda, wanabishana, wanakubaliana, na sababu zote zinawekwa kwenye faili ili mwakani mtu akiuliza zionekane. Huo ubishi ndo taaluma yenyewe, na intani anatakiwa awe kwenye hicho chumba, hata kama hasemi neno.

Najua kuna watakaosema intani haruhusiwi kusaini chochote, kuna dhima, benki inatoa mkopo kwa kutegemea ripoti hiyo. Kweli kabisa, sahihi ni ya aliyesajiliwa na ibaki hivyo. Mi nazungumzia rasimu. Aandike rasimu, mwenye sahihi aipitie kwa kalamu nyekundu mbele yake, amuulize kwa nini umeandika "inaonekana" hapa na "ni" pale. Uingereza, ambako wapimaji (jina ambalo kwao linawabeba na wathamini na wakaguzi wa majengo) walianzisha chama chao London mwaka 1868, mpaka leo digrii peke yake haikufanyi mpimaji kamili, unafanya kazi chini ya mtu, unaandika uzoefu wako, kisha unakaa mbele ya jopo linalokuuliza kwenye kazi hii wewe ulifanya nini na ulishauri nini. Aliyezungushwa idara zote atajibu nini, nilikaa karibu na waliokuwa wanafanya?

Kwa hiyo kwenye usaili uliza wazi, hawatachukia. Nitaenda saiti na nani? Nitaandika? Nani atasoma nilichoandika? Ukijibiwa kwamba utasaidia saidia ofisini tutaona, tafuta kwingine kama nafasi ipo. Na ukipata, heshimu nyumba za watu, picha za chumba cha mtu hazipandi kwenye status yako, jengo tupu usiingie peke yako, na sakafu ya mbao iliyooza usiijaribu kwa mguu.

Malipo nayo yasipite hivi hivi. Kama vipimo alivyochukua kijana vimo kwenye ripoti ambayo mteja ameilipia, basi kijana amefanya kazi, alipwe. Kumwambia uzoefu ndo malipo yake kunawaacha nje wale wasio na wa kuwalipia nauli, na kati yao kuna wenye macho makali kuliko hao mnaowapata.

Kwenu mnaopokea hawa vijana, ombi langu si kubwa. Siku ya kwanza mpeni faili moja la kawaida, nyumba ya kuishi tu, isiwe na kesi wala mgogoro wa mirathi. Mwacheni asome maelekezo ya mteja, aende na mkaguzi, achore, apige picha, atafute mauzo ya kulinganisha, aandike. Mengine yote, kufungua barua, kupanga kumbukumbu, kukaa idara nyingine asubuhi moja moja, atayafanya katikati wakati anasubiri faili lake lirudi likiwa na masahihisho.