PlayStation ijayo na mtihani wa diski: hesabu ya Sony ikitazamwa kutoka Lubumbashi

Oktoba 2025 Mark Cerny, mhandisi aliyesanifu PS4 na PS5, yaani PlayStation ya nne na ya tano za Sony, alitokea kwenye video pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni ya chipu, wakaeleza teknolojia ambazo kampuni zao zinazitengeneza kwa ushirikiano. Cerny akasema angependa kuziona ndani ya konsoli, yaani mashine ya gemu, ya miaka michache ijayo. Hakutaja jina wala bei, lakini kila mpenzi wa gemu alielewa kwamba Play 6 iko jikoni. Hapa Lubumbashi, kwenye vyumba vya gemu vya Katuba na vya Kenya, komini mbili (yaani mitaa mikubwa) za mji huu, ambako Play 3 na Play 4 ndizo zinazolisha wenye vyumba, watu wanabishania mambo mawili: itauzwa pesa ngapi, na itakuwa na nguvu kiasi gani.

Mimi naona mtihani mgumu zaidi wa Sony uko kwenye diski. Bei ndiyo itakayoisukuma kampuni kuiondoa, kwa hiyo lazima tupitie bei kwanza.

Zamani mwenye subira alipata nafuu. PS2 iliingia Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikashuka hadi 199 mwaka 2002, na mwaka 2009 ilikuwa imefika dola 99. PS5 imepanda ngazi badala ya kushuka. Ilianza mwaka 2020 kwa dola 500 kasoro senti, na Agosti 2025 Sony ikaiongeza dola 50 huko Marekani. Xbox Series X ya Microsoft, mshindani wa Sony, ilianza na bei hiyohiyo, ikapandishwa mara mbili ndani ya mwaka 2025 hadi ikafika dola 650. Ushuru wa Trump umechangia, na chipu nazo hazishuki bei kwa kasi ya zamani. Kisha mwishoni mwa 2025 likaja la akili mnemba: vituo vya data vinanunua chipu za kumbukumbu kwa pupa, na watengenezaji wanamkimbilia mnunuzi mkubwa. Desemba mwaka huo Micron, mmoja wa watengenezaji hao, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Konsoli mpya inahitaji gigabaiti nyingi za kumbukumbu hizohizo, na Sony itapanga foleni moja na matajiri hao.

Najua mtu wa Katanga, eneo letu la madini, atarukia hapa kobalti, madini ya betri. Ni kweli Kongo ilisimamisha kuiuza nje Februari 2025, kisha kuanzia Oktoba ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na nyingine kama hizo kwa 2027. Lakini betri ya kuchaji ya PlayStation iko ndani ya maneti, kidhibiti cha mkononi. Konsoli yenyewe inakula umeme wa ukutani. Uamuzi wa Kinshasa unawakosesha usingizi watengenezaji wa betri za magari, si Sony. Tusijipe ukubwa ambao hatuna.

Kampuni iliyobanwa hivyo ina njia mbili: kupandisha bei au kupunguza vitu. Ya kwanza Sony iliijaribu mwaka 2006, ilipoitoa PS3 Marekani kwa dola 499 na 599. Wanunuzi wakasita, na kampuni ikawa inapata hasara kwa kila mashine iliyouza. Inabaki kupunguza, na kitu chepesi kuondoa ni lekta, yaani sehemu inayosoma diski. Sony imekwisha kupima kina cha maji. Mwaka 2020 ilitoa PS5 isiyo na lekta kwa bei pungufu ya dola 100. Novemba 2023 ikatoa PS5 nyembamba ambayo lekta yake inachomoka. Novemba 2024 ikatoa PS5 Pro kwa dola 700 bila lekta kabisa. Aliyeitaka aliinunua pembeni kwa dola 80.

Hoja za kuiondoa si za uongo. Zaidi ya asilimia 70 ya gemu kamili zinazouzwa kwenye PlayStation sasa hupakuliwa kupitia mtandao. Diski inayouzwa mkono wa pili haimpi mtengenezaji wa konsoli hata senti, ilhali gemu ya kampuni nyingine ikiuzwa kwenye duka lake la mtandaoni humwachia takriban asilimia 30. Diski yenyewe imeanza kuwa ganda tu: Switch 2 ya Nintendo, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo hazina gemu ndani. Ukiichomeka, bado unapakua kila kitu. Na tuseme ukweli wa hapa kwetu: Play 3 nyingi za mjini zimeflashiwa, yaani kufuli la programu yake limevunjwa, gemu zimejazwa kwenye diski kuu, na aliyezitengeneza hakulipwa. Sony ikisema mji kama wetu hauiingizii kitu, nitapinga kwa maneno gani?

Nina maneno, lakini inabidi kwanza uingie chumba kimoja cha gemu. Utakuta televisheni tatu au nne zimepangwa ukutani, benchi la mbao, na kila konsoli inapita kwenye stabilaiza kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unapanda na kushuka utakavyo. Mwenye chumba anakaa mlangoni, anapokea noti ndogo za franc kabla ya mechi kuanza, na diski ya gemu ya mpira wa miguu iko kwake, haiguswi na mtoto. Diski ikianza kukwama anaipangusa kwa shati, anaipulizia pumzi, anairudisha. Ikigoma kabisa, anaibadilishana na jirani au anaongeza kidogo apate nyingine. Intaneti haimo kwenye biashara hiyo. Kupakua gemu ya gigabaiti 80 kwa bando la simu kungekula mapato ya siku nyingi, na umeme ukikatika katikati anaanza kuomba Mungu.

Hata mwenye pesa za bando hakaribishwi rasmi. Kongo haimo kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa na mtandao wa PlayStation. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu ile iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo yapatayo 177 kwa sababu akaunti hizo hazifunguliki huko. Watu wetu hujiandikisha kama wakazi wa Ufaransa au Ubelgiji, wakanunua kadi za malipo za huko, na wanajua akaunti inaweza kufungwa wakati wowote. Diski haikuulizi unakaa wapi.

Sasa rudi kwenye hesabu ya Sony. Play 4 iliyoko Katuba haikununuliwa mpya na mtu wa Katuba. Mtu wa Ulaya au wa Dubai aliitumia, akaiuza, na fedha ile ikamsaidia kununua Play 5. Mashine ikapita mikono kadhaa, ikaingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, barabara ileile ambayo shaba yetu inatokea. Mnunuzi wa kwanza anakubali bei kubwa kwa sababu kuna wa pili, na wa pili anajua yuko wa tatu. Konsoli ambayo gemu zake zote zimefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe inafika kwa mnunuzi wa pili ikiwa tupu. Bei yake ya mtumba itashuka, na anayeumia kwanza ni yule wa Ulaya aliyelipa dola 700, mteja ambaye Sony inamhesabu kweli.

Sitaki kulivimbisha jambo hili. Wapo wengi ambao hawauzi konsoli zao, na wapo wanaopenda gemu zote ziwe ndani ya mashine bila kuinuka kitini. Lakini mwaka 2024 Sony yenyewe ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliocheza kwenye mtandao wake kila mwezi walikuwa bado kwenye PS4, mashine ya mwaka 2013. Mshindani mkubwa wa Play 6 ni Play za nyuma, ambazo bado zinafanya kazi. Mwenye PS4 yenye rafu ya diski, ukimwambia rafu ile haina maana tena, umempa sababu ya kubaki alipo.

Sony ilikwisha kuvuna kwa kosa kama hilo la mwingine. Juni 2013 Microsoft ilitaka Xbox One iwe inajiripoti mtandaoni kila saa 24 na kuweka masharti ya kuuza gemu zilizotumika. Sony ikajibu kwa video ya sekunde chache: Shuhei Yoshida na Adam Boyes, wakubwa wawili wa Sony, wanapeana gemu ya PS4 mkononi, somo la kuazimana gemu limekwisha. Microsoft ilirudi nyuma mwezi uleule, lakini PS4, ambayo pia ilikuwa na bei pungufu ya dola 100, iliuza zaidi ya milioni 117 na Xbox One haikuikaribia.

Kwa hiyo nadhani lekta ya kuchomeka ndiyo njia ya katikati: asiyeitaka asiilipie, anayeitaka ainunue. Itatuongezea gharama sisi wa mwisho kwenye mnyororo, sawa. Ila kuna sharti dogo linalopuuzwa. Lekta ya PS5 nyembamba, ukiichomeka kwa mara ya kwanza, lazima uunganishe konsoli na intaneti ili isajiliwe. Leo mtu hupita kwa bando la simu, dakika chache tu. Siku seva za usajili zitakapozimwa, lekta isiyosajiliwa haitasoma chochote. Play 6 ikitangazwa, sehemu ya nguvu za chipu nitaisoma baadaye. Kwanza nitatafuta kama fundi wa komini ya Kenya ataweza kubadilisha lekta iliyokufa bila kuomba ruhusa ya Tokyo.