Laurie Halse Anderson na giza la riwaya zake za vijana

Mwaka 2010, profesa mmoja wa chuo kikuu huko Missouri, Marekani, aliandika gazetini kwamba riwaya ya Speak ya mwandishi Mmarekani Laurie Halse Anderson ni aina ya ponografia na haifai kusomwa shuleni. Alichokilenga ni sehemu zinazosimulia msichana akibakwa. Wasomaji walimjia juu, wakiwemo wanawake waliowahi kutendewa yaleyale. Mjadala haukuisha hapo: mwaka 2020 riwaya hiyo ilikuwemo kwenye orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu 10 vilivyolalamikiwa zaidi nchini humo. Anayekumbuka jinsi riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilivyopigwa marufuku katika shule za Tanzania ataitambua hoja hii mara moja.

Kwa maoni yangu, wanaompinga Anderson wanayo hoja moja nzito, ila wamekibebesha kitabu kisichostahili.

Speak ilitoka mwaka 1999. Melinda Sordino anaanza sekondari huko Syracuse, New York, akiwa amesuswa na kila mtu, kwa sababu aliita polisi kwenye sherehe ya vijana mwishoni mwa kiangazi. Hakuna anayejua kwa nini alipiga simu, na msomaji naye haambiwi kwa kurasa nyingi. Anachokiona ni msichana anayejitafuna midomo mpaka vidonda, anayetoroka vipindi, anayejificha kwenye stoo iliyoachwa na wafanya usafi, na ambaye moyoni ana maneno makali kwa walimu na wenzake huku mdomoni hatoi hata neno. Ananuna, alama zake zinaporomoka, wazazi wanagomba. Anderson hakumtengeneza awe binti mpole wa kuonewa huruma, na hapo ndipo ninapomvulia kofia: watu wazima wote wanaomzunguka, isipokuwa mwalimu wa sanaa, wanaona kiburi mahali palipo na jeraha, na msomaji anashawishika kuona hivyohivyo mpaka ukweli unapofika.

Na ukweli ukifika, hauchukui nafasi kubwa. Ni kurasa chache, sentensi fupi zinazokatika, bila chembe ya kumburudisha msomaji. Kuuita ponografia ni kumdhulumu mwandishi, na zaidi ni kumdhulumu msichana anayesoma akijitambua humo. Anderson aliijua njia hiyo. Katika Shout, kitabu cha mashairi kuhusu maisha yake kilichotoka mwaka 2019, alieleza kwamba naye alibakwa akiwa na miaka 13, akakaa nalo kimya kwa miaka mingi. Kwa Speak yenyewe alipokea barua nyingi sana za wasomaji, hata akatunga shairi kwa maneno yaliyotoka humo.

Mzazi anaweza kuniuliza: binti yangu hajapatwa na hayo, kwa nini nimtie hofu mapema? Swali ni la haki, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini. Lakini Melinda naye hakuwa amepatwa na lolote kabla ya usiku ule, na lilipompata hakujua aanzie wapi wala amwambie nani.

Ninaposita ni kwenye Wintergirls ya mwaka 2009. Lia anajinyima chakula kwa makusudi, na ugonjwa wa kula kisha kujitapisha umeshamuua rafiki yake Cassie, aliyempigia simu mara 33 usiku aliokufa bila Lia kupokea. Ni mhusika mgumu kuliko Melinda: mwongo, mwerevu, anampenda kwa dhati mdogo wake wa kambo na bado anamwumiza. Tunasikia sauti ya ugonjwa ukimsemesha kutoka ndani, na maneno yanayotoka moyoni yamechapwa yakiwa yamekatwa mstari, kana kwamba anajizuia kuyafikiri. Kisanaa ni kazi kubwa. Tatizo ni kwamba chakula kinatajwa pamoja na kalori zake, uzito anaoulenga umeandikwa kwa tarakimu, na mbinu zake za kuihadaa mizani zimeelezwa. Sitazirudia hapa.

Mwaka 2011 Meghan Cox Gurdon, mhakiki wa vitabu vya watoto, aliandika katika gazeti la Wall Street Journal kwamba vitabu vinavyokaa sana kwenye maradhi ya aina hii vinaweza kuyafanya yaonekane ya kawaida. Alishambuliwa vikali na waandishi na wasomaji. Kwa riwaya za vijana kwa jumla naona alizidisha, maana aliweka giza lote kapu moja. Kwa Wintergirls, hofu yake ina msingi. Msichana ambaye tayari anapigana na chakula huwa na tabia ya kujilinganisha, na kila tarakimu anaweza kuigeuza mashindano. Kwake, kitabu kilichoandikwa kumwonya kinaweza kuwa mwongozo, hata kama mwandishi hakukusudia.

Upande wa pili unajibu kwamba tarakimu hizo zimejaa kwenye simu, na huko hakuna anayemwonyesha Cassie akiwa maiti. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki kitabu kiondolewe maktabani. Ila Speak ningeisomesha darasa zima bila wasiwasi. Wintergirls ningempa mwanafunzi mmoja mmoja, nikiwa ninamfahamu, na ningemtafuta kabla hajaimaliza tukae tuizungumzie.