Nyongeza za gemu: tunabishania ukubwa, bei inapangwa kwingine

Studio kubwa ikitangaza nyongeza ya gemu, ile DLC yenye ramani na hadithi mpya, ubishi wa wachezaji wa Dar huanza palepale: itakuwa kubwa kiasi gani, na itauzwa ngapi? FromSoftware ilitangaza Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring, Februari 2023. Watu wakabashiri karibu mwaka mzima kabla bei haijatajwa. Ikaja dola 40, wakati gemu yenyewe ilitoka kwa dola 60. Ukipiga shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni laki moja.

Wanaolalamika wana kipimo chao, Blood and Wine ya The Witcher 3. Mwaka 2016 CD Projekt Red waliiuza dola 20, wakatoa nchi nzima mpya, Toussaint, na saa kama 20 za kucheza. Hoja yao ina uzito, maana injini (programu inayoendesha gemu), mfumo wa mapigano na silaha nyingi huwa vimeshalipiwa na gemu ya kwanza.

Lakini nyongeza hainunuliwi na kila mtu. Hununuliwa na mwenye gemu tayari, tena aliyefika mbali. Erdtree haikufungulii mlango mpaka uwaue mabosi wawili wa Elden Ring, Radahn na Mohg, na wengi wenye gemu hiyo hawakuwa wamemuua Mohg. Kazi ya muda mrefu inatakiwa irudishe gharama zake kwa kundi dogo. CD Projekt wenyewe, ambao kila mtu huwatolea mfano, walipanda hadi dola 30 kwa Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077, mwaka 2023.

Hiyo Phantom Liberty ndiyo inayonifanya nisiamini kipimo cha ramani. Dogtown, eneo lake jipya, ni mtaa mdogo ukiulinganisha na Night City, jiji la gemu yenyewe, ila umeshiba: kila kona ina mtu, dili na usaliti. Erdtree ni kubwa kweli, lakini ina Abyssal Woods, msitu ambamo farasi wako anagoma kuingia, unatembea kwa miguu muda mrefu na hukuti cha maana. Tukizidi kudai ukubwa, tutapewa misitu ya namna hiyo.

Hata hivyo siwezi kumlaumu mtu wa Mbagala anayeuliza ukubwa kwanza, maana bei iliyoandikwa siyo anayoilipa. Kuna bando la kushusha GB nyingi. Kuna kadi ya zawadi ya kulipia kwenye duka la mtandaoni, ambayo muuzaji naye anaweka cha juu. Na kwenye PlayStation kuna mtego wa ukanda: diski iliyotoka Dubai au Uingereza haikubali nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani. Pesa imekwenda, nyongeza haifunguki. Vibanda vya gemu navyo havisaidii hapa, kwa sababu vinaishi kwa mpira unaolipiwa kwa mechi. Hakuna atakayekaa kibandani saa 30 akimalizia hadithi.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nayo ina bei ya dola iliyopunguzwa kwa ajili ya nchi za Asia Kusini, huku Tanzania ikilipa dola ileile ya Marekani. Hilo ndilo la kuwapigia kelele wachapishaji, kuliko kilomita za ramani.

Kwa ubashiri wangu, nyongeza kubwa zijazo zitacheza kati ya dola 30 na 40, ziwe na saa 15 au 40. Anayeumia zaidi ni mteja wa siku nyingi. Erdtree ilipotoka, Elden Ring pamoja na nyongeza yake viliuzwa dola 80. Aliyenunua gemu siku ya kwanza kwa dola 60 ameishia kutoa 100, na aliyekuja nyuma amepata vilevile kwa 20 pungufu.