Malindi tusiizike cheki kwanza
Wauzaji wengi hapa Malindi, wa samaki hadi wa vifaa vya ujenzi, siku hizi ukiwatajia cheki wanakwambia hapo hapo leta M-Pesa ama keshi. Siwalaumu, manake ukishapeleka nguru na kamba kwa jikoni ya hoteli alafu cheki ikabaunsi, yaani benki ikairudisha bila kulipa, samaki washaliwa na mgeni keshapanda ndege. Ila mimi naona cheki inabebeshwa makosa mengi yasiyo yake, na tukiitupa wataoumia ni watu wa vikundi.

Chukua chama cha akina mama ama kamati ya madrasa. Pesa ikikaa kwa M-Pesa ya mweka hazina, ni yeye na PIN yake tu, akipata shida nyumbani ama simu ikiibiwa, wenzake watajulia wapi? Cheki inataka sahihi mbili tatu, na kila malipo yanaacha karatasi ambayo mwanachama yeyote anaweza kuiuliza. Sasa ulinzi huo huwa tunauvunja wenyewe, signatori, yule mwenye idhini ya kusaini, anasafiri Mombasa basi anasaini karatasi kadhaa za cheki zikiwa tupu ziachwe zitumike akiwa hayupo, na hapo mmerudi kule kule kwa mtu mmoja, tena bila PIN. Pia kitabu cha cheki kikitoka benki hesabuni karatasi zote mpaka za nyuma, mwizi hanyofoi ya juu.

Upande wa pili, wa anayepokea cheki, nao una haki yake. Mteja anaweka cheki kwa akaunti yako Ijumaa, anakutumia picha ya slipu, anataka saruji ipakiwe leo leo. Ile slipu inasema tu karatasi imepokelewa, haisemi kama kuna pesa, na cheki ya Kenya kwa kawaida inakliaa, yaani pesa inaingia kweli, siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo jibu ni Jumatatu na saruji ilishatoka. Kuna na yule anayekodi nyumba Watamu ya laki moja na nusu, analeta cheki ya laki mbili, eti amekosea, umrudishie elfu hamsini kwa M-Pesa. Ukiirudisha kabla cheki haijakliaa, umemtumia pesa yako mwenyewe. Lakini hapa kote kinachomuua mtu ni kutoa mali mapema, na kusubiri hakukugharimu kitu.

Kwa mzigo wa elfu tano, sawa, M-Pesa yatosha. Na zaidi ya milioni moja cheki haipiti kabisa tangu 2009, lazima RTGS, yaani kutuma pesa moja kwa moja benki hadi benki. Cheki ni ya hapo katikati, na ndo pesa ya vikundi na wauzaji wetu ilipo.

Kinachonisumbua zaidi ni cheki ya tarehe ya mbele, manake Malindi imeizoea. Kusi ikiingia wageni hakuna, mwenye hoteli anakwambia mama niletee samaki, cheki hii hapa, iweke Disemba. Watu wanaichukua wakijua kutoa cheki isiyo na pesa ni kosa la jinai, na kweli kifungu cha 316A cha sheria ya adhabu kinasema faini hadi elfu hamsini ama jela hadi mwaka ama vyote viwili. Lakini kifungu hicho hicho kinasema lile kosa la kujua akaunti haina pesa ya kutosha haliihusu cheki ya tarehe ya mbele! Yaani akaunti ikiwa kavu Disemba, polisi hawana mengi ya kukusaidia, unabaki na kesi ya kudai deni, wewe na wakili na muda wako. Hiyo cheki ni ahadi ya kulipa, ichukue kama unavyokopesha, kwa mtu unayemkopesha kweli, nusu ilipwe mkononi, na usipeleke mzigo mwingine mpaka ya kwanza ikliye.