Uvamizi wa tatu ndio ulioiuza kabaddi

Watu wakieleza jinsi Pro Kabaddi ya India ilivyopaa, huanza na Abhishek Bachchan, mwigizaji mwenye timu ya Jaipur Pink Panthers, mabingwa wa msimu wa kwanza wa 2014. Taa, muziki na mastaa vilisaidia, sikatai. Msimu ule uliripotiwa kutazamwa na watu milioni 435. Lakini staa humvuta mtazamaji siku ya kwanza tu. Kilichomrudisha kesho yake ni saa ya sekunde 30 kwa kila uvamizi na kanuni moja ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa ligi nzima, yaani uvamizi wa tatu.

Kwa asiyeujua mchezo: kila timu ina watu saba. Mvamizi mmoja huvuka mstari wa kati huku akitamka "kabaddi, kabaddi" bila kuvuta pumzi, awaguse wapinzani, kisha arudi kwao kabla hajakamatwa. Zamani pumzi yake ndiyo ilikuwa saa. Timu ikiongoza kwa pointi mbili tatu, ilimtuma mtu avuke mstari ulio mita 3.75 kutoka katikati, ageuke, arudi mikono mitupu, na dakika zikaliwa hivyo hivyo. Mchezo wa namna hiyo hauuziki kwenye runinga. Ligi ikaziba mwanya: ukivamia mara mbili mfululizo bila pointi, mara ya tatu ni kufa na kupona. Mvamizi asipoleta pointi, anatoka yeye.

Tazama dakika hiyo kwa karibu. Walinzi wamebaki watano, kwa hiyo bonasi, yaani pointi isiyohitaji kumgusa mtu, haipo, maana hutolewa wakiwa sita au saba tu. Lazima mvamizi aguse mtu. Mlinzi mwenye akili hurudi nyuma hatua moja na kuiacha saa imsukume mvamizi aingie ndani. Kosa linaloua timu nyingi ni mlinzi wa kona kuurukia mguu kwenye sekunde ya kumi, wakati uzito wa mvamizi bado uko kwenye mguu wa nyuma. Mguu unaondolewa, vidole vya mlinzi vimeshaugusa, pointi imekwenda. Kifundo hukamatwa kwa mikono miwili, mguu unainuliwa kutoka kwenye mkeka, na mlinzi wa pembeni yake awe ameshafika kumfunga mvamizi kiunoni. Ukimshika peke yako kwa mkono mmoja atakuburuta, na ncha ya kidole chake ikifika mstari wa kati, wote mliomng'ang'ania mmetoka.

Hata timu iliyoelemewa ina nafasi yake. Walinzi wakibaki watatu au pungufu, kumkamata mvamizi kunawapa pointi mbili badala ya moja. Ndiyo maana mechi ya kabaddi hugeuka ukiwa umeinamia chai.

Pesa zilifuata. Mwaka 2014 mchezaji ghali kuliko wote mnadani, Rakesh Kumar, alinunuliwa kwa rupia milioni 1.28. Mwaka 2018 Fazel Atrachali wa Iran akawa wa kwanza kufika milioni 10, naye ni mlinzi wa kona, jambo linalonifurahisha sana. Mwaka 2023 Pawan Sehrawat, mvamizi wa India, akafika milioni 26.05. India iliwalipa wageni vizuri na wageni wakajifunza: mwaka huo huo wa 2018, kwenye Michezo ya Asia mjini Jakarta, Iran iliitoa India katika nusu fainali, nchi iliyokuwa imetwaa dhahabu zote tangu 1990. Naliona hilo kuwa sifa kubwa kuliko zote kwa ligi.

Lakini ligi ikikua kuliko shirikisho, huanza kujitungia sheria. Fainali ya Michezo ya Asia mjini Hangzhou mwaka 2023 ilikwama karibu saa nzima, India na Iran zikiwa 28 kwa 28. Pawan alikanyaga ukanda wa pembeni bila kumgusa mtu, na walinzi wa Iran wakamfuata humo. Je, ametoka yeye tu, au wote? Kanuni ya ligi na kanuni ya kimataifa hazikusema jambo moja. India ikashinda 33 kwa 29, na dhahabu ikabaki na doa ambalo kurasa mbili za sheria zilizokubaliwa mapema zingelizuia.

Na wanawake? Mwaka 2016 waliandaliwa mashindano ya timu tatu. Storm Queens waliwafunga Fire Birds 24 kwa 23 katika fainali, tofauti ya pointi moja! Msimu uliofuata hayakurudi. Hapo ligi ilikosea, na ilikosea vibaya.

Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu kwenye Kombe la Dunia la Wanawake mjini Dhaka, Novemba 2025, Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuwepo. Anayetaka kuanzisha ligi huku aziache taa kwanza. Uwanja wa wanawake ni mita 12 kwa 8, yaani vipande 96 vya mkeka vya mita moja kwa moja; wa wanaume, mita 13 kwa 10, ni 130. Ongeza vya kuzunguka nje ya mistari, kwani watu huangukia huko. Vipande hupenda kuachana kwenye kona, pale walinzi wanapojisukuma, na kidole cha mguu kikinasa kwenye ufa, goti ndilo linaloumia. Vikaguliwe wakati wa mapumziko, jasho lifutwe. Kisha tafuta saa inayoonekana na timu zote mbili, na mwandishi wa pointi anayehesabu uvamizi mtupu wa kila timu kwenye safu yake. Akizichanganya hesabu hizo mbili, uvamizi wa tatu utaitwa kwa timu isiyohusika, na mechi itaishia kwenye meza ya waamuzi.